Risasi 41 na pochi moja: Sekunde ya askari haizaliwi yenyewe

  

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya Isha, kijana mmoja anayefanya kazi ya ulinzi wa silaha alinifuata na swali. Akasema: “Shekhe, mwenye bunduki ana sekunde moja tu. Akisita, anauawa yeye. Akifyatua, halafu ikabainika aliyekufa hakuwa na kitu mkononi, anaitwa muuaji. Sasa mtu huyu dini inamweka wapi?” Muda ulikuwa umekwenda na watu wanataka kufunga msikiti. Nikamjibu kwa ufupi na kumuahidi kwamba nitaliandika kwa urefu hapa.

Nitalijibu kwa kesi za Marekani. Si kwamba kwetu risasi hazilii. Ni kwa kuwa kule mambo haya yamefika mahakamani yakaandikwa, na askari wenyewe wamesimama kizimbani kueleza walichokiona. Na marehemu wa kesi ya kwanza alikuwa ndugu yetu katika Uislamu, mwana wa Afrika, aliyekwenda kutafuta riziki ya halali.

Jina lake Amadou Diallo, kutoka Guinea, umri miaka 23. Alikuwa machinga. Akiuza soksi, glavu na kanda za video kwenye barabara ya 14 huko Manhattan, jijini New York. Usiku wa tarehe 4 Februari 1999, saa saba kasoro, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba aliyopanga, mtaa wa Wheeler, Bronx. Gari lisilo na alama za polisi likapita na askari kanzu wanne ndani yake. Walikuwa wa kikosi maalumu cha kupambana na uhalifu wa mitaani, na usiku huo, kwa maelezo yao, walikuwa wakimsaka mbakaji. Wakamuona Diallo, wakamtilia shaka, wakarudisha gari nyuma, wakashuka.

Walidai walijitambulisha. Diallo akaingia kwenye kijiukumbi cha mlangoni, akatia mkono mfukoni na kutoa kitu cheusi. Askari mmoja akapiga kelele kuwa ni bastola. Mwenzake, katika kurudi nyuma, akateleza kwenye ngazi akaanguka, na waliobaki wakadhani amepigwa risasi. Risasi zao wenyewe zilikuwa zikigonga ukuta na kurudi, nao wakaona kama wanajibiwa. Kwa sekunde chache zilitoka risasi 41. Wawili walimaliza risasi zote 16 zilizokuwa kwenye bastola zao, wa tatu alipiga tano, wa nne alipiga nne. Zilizompata Diallo zilikuwa 19. Kitu cheusi kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa pochi.

Mtu mwenye pochi mbele ya watu wanaouliza habari zake anataka kufanya nini kama si kuonyesha kitambulisho?

Aliswaliwa New York, akasafirishwa, akazikwa kwao Guinea. Askari wote wanne walishitakiwa kwa kuua. Kesi ikahamishiwa mji wa Albany, na tarehe 25 Februari 2000 jopo la raia 12, wakiwemo wanawake weusi wanne, liliwaachia huru kwa mashitaka yote. Yule aliyepiga kelele ya bastola alilia mbele ya mahakama alipokuwa akieleza alivyogundua kuwa ni pochi. Sina sababu ya kuyatilia shaka machozi yake. Hata hivyo, machozi hayakuwa ndiyo yaliyomtoa. Kuna kanuni ambayo inafaa tuijue.

Katika sheria ya Marekani, nguvu anayoitumia askari hupimwa kwa kipimo kilichowekwa na Mahakama ya Juu tarehe 15 Mei 1989, katika kesi ya Graham dhidi ya Connor. Dethorne Graham alikuwa mgonjwa wa kisukari wa mji wa Charlotte. Siku moja ya mwaka 1984 sukari ilianza kumshuka, akamuomba rafiki yake amkimbize dukani akanunue juisi ya machungwa. Akakuta foleni ndefu, akatoka mbio. Askari aliyekuwa nje akaona mtu anaingia na kutoka dukani haraka, akashuku wizi, akalisimamisha gari. Mpaka inathibitika kuwa dukani hakukutokea lolote, Graham alikuwa ameshafungwa pingu na kuvunjwa mguu. Jaji Mkuu William Rehnquist akaandika kwamba askari hulazimika kuamua kwa kufumba na kufumbua, katika hali ya wasiwasi inayobadilika upesi, hivyo apimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliyekuwa pale pale, na si kwa jicho la anayekaa baadaye akijua kila kilichotokea.

Tuwe waadilifu, maana Allah (s.w.) ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia. Ndani ya kanuni hiyo mna ukweli. Aliyeshika bastola na kudhamiria kuua ana nafasi kubwa ya kumtangulia anayesubiri kuona. Askari hufa kwa kusita. Na dini yetu haimkatazi mtu kujilinda. Anayekaa kwenye kiti na kahawa yake akahukumu giza la Bronx kana kwamba palikuwa mchana, huyo naye anadhulumu.

Tatizo langu na kanuni hiyo ni namna ilivyotumiwa. Mawakili na majaji wengi waliichukua ile sekunde moja wakaikata kutoka kwenye usiku wake, wakaiweka mezani peke yake, halafu wakauliza: katika sekunde hii, je, aliogopa? Ikiwa aliogopa kweli, faili limefungwa. Sasa nani aliitengeneza hiyo sekunde? Nani alimfundisha yule mtu cha kuogopa?

Hebu turudi Madina. Usama bin Zayd (r.a.), kijana aliyependwa na Mtume (s.a.w.) mithili ya mtoto wa nyumbani, alitumwa na wenzake vitani kwenye kabila la Juhayna. Yeye na Ansari mmoja walimkimbiza mtu wa upande wa adui. Walipomfikia, yule mtu akatamka shahada. Ansari akauzuia mkono wake. Usama akamchoma mkuki akamuua. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), Usama alijitetea kwamba yule alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama alikipasua kifua cha mtu yule akaona kilichomo moyoni, na akarudia kumkemea mpaka Usama akatamani lau angesilimu siku ile ile, dhambi hii ikafutwa pamoja na za nyuma.

Kisa hiki tumekisikia mara nyingi mimbarini, na kwa kawaida khatibu huishia kwenye ubora wa shahada. Naomba leo tumtazame yule Ansari. Alikuwa kwenye mbio zile zile, na mtu mbele yake ni yule yule. Wenzake walikuwa kwenye hatari ile ile, na sekunde ilikuwa moja. Mmoja alizuia mkono na mwingine aliuachia. Kwa hiyo si kweli kwamba sekunde ndiyo inayoamua na mwanadamu hana lake. Katika sekunde hutoka kile ambacho mtu alikuwa amekiweka ndani yake tangu zamani.

Ndiyo maana naiona hekima kubwa katika aya ya 94 ya Suratun-Nisaa. Hapo Allah (s.w.) anawaamuru waumini wabainishe, wasimwambie anayewatolea salamu kuwa si muumini. Angalia amri imewekwa wapi. Inaanza na pale mnapotoka kusafiri katika njia ya Allah. Kubainisha kunaanza safarini, kabla upanga haujachomolewa. Anayesubiri mpaka aone mkono unaingia mfukoni ndipo aanze kubainisha, amechelewa, na wa kumlaumu ni yule aliyemtoa nyumbani bila maandalizi.

Kile kikosi cha New York kilitoka nyumbani na nini? Kilikuwa na kaulimbiu iliyosema kwamba usiku ni mali yao. Subhanallah! Usiku na mchana ni vya Allah (s.w.), na mja anayedai kuumiliki usiku tayari amekwishamuona kila anayesimama humo kuwa ni mvamizi. Wengi wao walikuwa wazungu, wakipekua mitaa ya weusi na wahamiaji. Mwaka 2002 mtafiti Joshua Correll na wenzake walichapisha majaribio waliyoyafanya baada ya kutafakari kifo cha Diallo. Waliwapa watu mchezo wa kompyuta: picha ya mtu inatokea ghafla, ameshika bastola au ameshika kitu cha kawaida kama simu au pochi, na mchezaji aamue upesi apige au aache. Wachezaji waliwahi zaidi kumpiga mwenye silaha aliyekuwa mweusi kuliko mweupe, na waliwahi zaidi kumwacha asiye na silaha aliyekuwa mweupe kuliko mweusi. Jicho halikuona tu. Dhana ilikuwa imetangulia mbele ya jicho. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, inatuambia tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya kusengenyana vibarazani, kumbe dhana inaweza kubeba bastola.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 22 Novemba 2014, mji wa Cleveland, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akicheza bustanini na bastola ya bandia. Mtu mmoja akapiga simu polisi, na katika simu hiyo akasema kwamba huenda bastola ni ya bandia na huenda huyo ni mtoto. Aliyepokea simu hakuyapeleka maneno hayo. Askari wawili wakaliendesha gari juu ya majani mpaka karibu kabisa na mtoto. Chini ya sekunde mbili baada ya gari kufika, alikuwa amepigwa. Akafariki siku iliyofuata.

Watasema sekunde mbili zilikuwa chache. Ni kweli, zilikuwa chache mno, na aliyezifanya kuwa chache ni dereva. Lau gari lingesimama mbali, nyuma ya kitu cha kuwakinga, wakamwita kwa kipaza sauti, wangekuwa na dakika nzima, na mtoto angekuwa na nafasi ya kudondosha alichoshika. Umbali na kinga hununua muda. Basi anayeutupa muda wake mwenyewe, kisha akaja kulalamika kwamba hakuwa na muda, hoja yake ni ipi? Na baada ya risasi, dakika kama nne zilipita bila askari hao kumpa mtoto huduma ya kwanza, mpaka alipofika ofisa wa FBI. Dada yake wa miaka 14 aliyemkimbilia aliangushwa chini na kufungwa pingu. Katika dakika nne hizo hapakuwa na kisingizio cha kufumba na kufumbua.

Mwenye shaka kwamba maandalizi hubadilisha sekunde aitazame New York yenyewe. Mwaka 1971 polisi wa jiji hilo waliwaua watu 93 kwa risasi. Agosti 1972 uongozi wa polisi ukatoa amri mpya: hakuna kupiga risasi za onyo, hakuna kumpiga anayekimbia kwa kuwa tu anakimbia, na kila risasi itakayotoka itachunguzwa na askari ajieleze. Ufyatuaji ulipungua dhahiri katika miaka iliyofuata. Mwaka 2010 waliouawa walikuwa wanane. Sitasema yote yaliletwa na amri moja, kwani uhalifu nao ulishuka sana katikati ya miaka hiyo. Lakini askari wa 2010 hakupewa sekunde ndefu kuliko ya askari wa 1971. Alipewa mafunzo mengine, na alijua ataulizwa.

Sasa nije kwenye kiini cha swali la yule kijana, kwamba dini inamweka wapi aliyekosea. Mahakama za kidunia zina vyumba viwili: muuaji aende jela, asiye muuaji aende nyumbani. Wanne wale walikwenda nyumbani. Mmoja wao alirudishiwa bastola mwaka 2012 na kupandishwa cheo mwaka 2015. Sharia ina chumba cha tatu, na nashangaa sisi wenyewe tunavyokisahau.

Suratun-Nisaa, aya ya 92, inazungumzia anayemuua muumini kwa kukosea. Hauawi kwa kisasi. Lakini pia haambiwi kwamba Allah ni msamehevu, nenda zako. Anabebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ni kafara: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Wa pili ni diya, ipelekwe kwa familia ya marehemu, isipokuwa wao wenyewe waifanye sadaka. Aya haikusema aliyekosea ana dhambi sawa na aliyekusudia; anayekusudia ametengewa aya inayofuata, na makemeo yake yanatisha. Inachosema ni kwamba damu haiwi bure kwa sababu tu hukukusudia.

Wanazuoni wa fiqhi wakaeleza jambo ambalo ningependa kila mkuu wa polisi alisikie. Diya ya kuua kwa kukosea hubebwa na aaqila, yaani ukoo wa muuaji, tena kwa muda wa miaka mitatu. Kwa nini ukoo, ilhali hawakushika mkuki? Naona ni kwa sababu wao ndio waliomlea na kumpa silaha, na wakijua kosa lake litawagusa mifukoni watamfunza kabla hajatoka. Kafara yenyewe haibebwi na ukoo. Ile miezi miwili anaifunga yeye, mdomo wake mwenyewe mkavu, siku baada ya siku, akikumbuka kwa nini anafunga. Jamii inalipa na mtu analipa, kila mmoja kwa upande wake, bila mmoja kujificha nyuma ya mwenzake.

Pima kesi zetu kwa mizani hiyo. Jiji la New York liliilipa familia ya Diallo dola milioni tatu mwaka 2004, miaka mitano baada ya mazishi. Cleveland ilikubali dola milioni sita kwa familia ya Rice mwaka 2016. Tuseme hapo aaqila amelipa, ingawa kwa kuburutwa mahakamani. Upande wa kafara haupo kabisa. Hakuna sheria iliyowataka wale wanne wafanye chochote, hata kufika kwa mama wa marehemu na kuinamisha kichwa.

Mtume (s.a.w.) hakungoja kuburutwa. Alipomtuma Khalid bin Walid (r.a.) kwa Banu Jadhima, watu wale walitaka kusema wamesilimu lakini hawakulipata neno lenyewe, wakasema neno jingine lililozoeleka kwao, la kuacha dini ya zamani. Khalid akalichukua vibaya, akaua na kuteka, akaamuru kila mtu amuue mateka wake. Ibn Umar (r.a.) akakataa kumuua wake. (Mwone Ansari mwingine huyo!) Mtume (s.a.w.) alipopata habari alinyanyua mikono akajitenga mbele ya Allah na alilolifanya Khalid. Wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alimtuma Ali (r.a.) na mali, akalipa diya za watu na thamani ya vyombo vilivyoharibika, mpaka chombo cha kunyweshea mbwa, na kilichobaki akawaachia kwa ajili ya hasara ambazo huenda hazikuhesabiwa. Khalid hakuuawa wala hakuvuliwa uongozi. Lakini hakuna aliyesimama Madina kusema kuwa Khalid alikuwa na sekunde moja tu, basi yaishe.

Tarehe 15 Mei 2025, miaka 36 kamili tangu hukumu ya Graham, Mahakama ile ile ya Juu ilitoa hukumu ya kesi ya Barnes dhidi ya Felix. Ashtian Barnes alisimamishwa huko Houston mwaka 2016 akiendesha gari la kukodi lenye deni la ushuru wa barabara. Gari lilipoanza kuondoka, askari alirukia kizingiti cha mlango akaning’inia, na katika sekunde kama mbili akawa amefyatua na kumuua. Mahakama za chini zilitazama sekunde hizo mbili tu, zikasema mtu anayening’inia kwenye gari yuko hatarini, basi. Majaji wote tisa, kwa kalamu ya Jaji Elena Kagan, wakakataa: ni lazima tukio litazamwe zima, pamoja na yaliyotangulia. Swali la kama askari aliyejitia hatarini mwenyewe anaweza kujitetea kwa hatari hiyo hiyo, wakaliacha bila kulijibu.

Usama bin Zayd yeye aliishi miaka mingi baada ya siku ile ya Juhayna. Ilipokuja fitna, Waislamu wakaanza kuchomoleana panga, aliye karibu na moyo wake alikuwa Ali (r.a.). Alimpelekea ujumbe kwamba lau Ali angekuwa kinywani mwa simba, angependa kuwa naye humo humo, lakini vita hivi hakuviona kuwa vyake. Akabaki nyumbani, na mkuki wake ukabaki nao.